Msomaji Mmoja wa Pande

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kutunga vitabu ambavyo havipo. Sikuviandika, nilitunga taarifa zake tu: jina la kitabu, mwandishi, mwaka, idadi ya kurasa, mada, namba ya rafu. Kampuni moja ya Dar ilikuwa inatengeneza programu ya maktaba ndogo, na kabla ya kuingiza vitabu vya kweli ilitaka rekodi za uongo za kuijaribia. Ilitaka pia waazimaji wa uongo, wenye tarehe za kuchukua na za kurudisha. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Kazi ikipendeza, ungeongezwa.

Nilianzia nyumbani, lakini sikufika mbali. Nilitunga kitabu cha ufugaji wa nyuki chenye kurasa mia mbili na kumi na mbili, kisha nikakaa robo saa nikijiuliza kama kurasa hizo si nyingi mno kwa nyuki. Msimamizi wangu, ambaye nilimjua kwa simu tu, akaniambia niende kwenye chumba cha kusomea kilicho hapa Kilwa Masoko, niangalie daftari lao la kuazima, ili uongo wangu ufanane na ukweli. Chumba hicho kilikuwa kwenye orodha ya vyumba vitakavyopewa kompyuta na programu hiyo kwanza. Kigezo kilikuwa wingi wa wasomaji.

Aliyekisimamia alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umesema unafanya kazi gani?"

"Natunga vitabu vya majaribio."

"Vya nani?"

"Si vya mtu yeyote. Havipo."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Hivi vilivyopo hajawahi kuja mtu kuvihesabu. Leo wameajiri mtu wa kutunga visivyopo. Kuna jambo hapo, mwanangu. Mnataka kutunyang'anya hiki chumba?"

Nikaapa kwamba hapana. Nilikuwa nasema kweli, lakini sauti ilinitoka kama ya mtu anayedanganya, na nikaona ameisikia. Akanipa daftari, kisha akavuta kiti chake akakaa pale pale nilipo.

Siku ya tatu nikaona kitu. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, mtu mmoja wa kijiji cha Pande aliazima vitabu tisa, kumi, wakati mwingine kumi na kimoja. Siku moja alichukua, miongoni mwa vingine, cha fizikia kidato cha tatu, cha wadudu wa mikorosho, cha ushonaji, cha malezi ya watoto wachanga, cha hukumu za mirathi na riwaya mbili. Alhamisi ya safari iliyofuata alivirudisha vyote. Hata kimoja hakikuchelewa, mwezi baada ya mwezi.

Waazimaji wengine wote walikuwa na fujo. Tarehe zilikatwa na kuandikwa upya, pembeni pameandikwa "amesahau nyumbani" au "kimerudi bila jalada". Huyu wa Pande alikuwa msafi. Na mimi nilijua jinsi uongo unavyokaa kwenye jedwali, maana ndio niliokuwa nautengeneza kutwa nzima. Uongo huwa nadhifu.

"Mwalimu," nikasema, nikijifanya sina neno, "huyu wa Pande anasoma sana."

"Anasoma," akajibu, akafunga daftari. "Ulichokifuata umeshakipata?"

Kule kufunga daftari ndiko kulikonimaliza. Nilikwenda kula mihogo nikiwa nimeshaipanga kesi nzima: kompyuta zinakwenda penye wasomaji wengi, hapa wasomaji hawatoshi, basi atungwe msomaji hewa. Nikamwandikia msimamizi ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena. Mwisho nikatuma maneno machache: rekodi za hapa zinatia shaka, hasa za mtu mmoja wa Pande. Akajibu upesi kuliko nilivyotaka. Alinishukuru kwa kuwa macho. Chumba kinatolewa kwenye orodha. Mimi niendelee na rekodi zangu kwa kanuni ile ile ya programu, kila mwazimaji vitabu viwili, basi.

Alhamisi, pikipiki ikasimama nje. Mwanamume wa makamo akaingia na kiroba begani, akakiweka sakafuni, akaanza kutoa vitabu. Nilivitambua vyote kwa majina ya daftarini. Alikuwa ametoka Pande, ameleta nazi sokoni.

"Hiki cha mikorosho, mwalimu, nimemnyang'anya mtu mkononi. Anasema hajafika mwisho."

"Mwambie mwisho wake korosho zinavunwa."

Wakacheka. Akaeleza, bila mimi kumuuliza, kwamba jioni kabla ya safari hupita nyumba kwa nyumba kukusanya, na asiyerudisha hachukuliwi kingine. Kisha akanigeukia. "Huyu ndiye yule fundi wa vitabu hewa?"

"Ndiye," mwalimu akasema.

"Tutungie basi kimoja cha namna ya kuishi na mama mkwe. Kwetu kitagombewa."

Nilishindwa hata kutabasamu. Mwalimu akafungua karatasi aliyopewa, ya daftari la shule, yenye miandiko ya watu wengi, akaanza kutafuta rafuni. Kijiji kizima kilikuwa kinasoma kwa jina la mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimekifungia mlango.

Alipoondoka nikamwambia mwalimu kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliandika hivyo kabla ya kuniuliza."

"Nilikuuliza, mwalimu."

"Hukuuliza. Ulisema anasoma sana."

Nikaomba niipige picha ile karatasi, iwe ushahidi. Akaikunja mara mbili, akaishika ngumini. "Humu kuna mwanamke anataka kitabu kuhusu kutoshika mimba. Kuna mwingine anataka cha talaka, na mumewe hajui. Unadhani kwa nini naandika jina moja? Daftari liko mezani, kila anayeingia analifunua. Wewe mwenyewe umelifunua."

Nikampigia msimamizi, nikamwambia nilikosea, mtu yupo, nimemwona, anaazimia kijiji kizima.

"Wiki iliyopita hayupo, leo yupo," akasema. "Huyo mwalimu kakupa nini, dogo?"

"Hajanipa kitu."

"Basi nitumie ushahidi."

Sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni kazi yangu. Nikakaa nikatunga mwazimaji mmoja wa uongo, wa kijiji cha uongo kilicho mbali, nikamwazimisha vitabu kumi vya uongo kwa siku moja. Programu ikapokea viwili, cha tatu ikakikataa kwa maandishi mekundu. Nikaituma picha ya maandishi yale, nikaeleza kwamba rekodi zangu zote za mwanzo zilipita kwa sababu nilizitunga zipite. Nilikuwa nimejaza humo watu wanaoishi jirani na maktaba, kila mmoja na shida yake na nauli yake. Watu wa Kilwa Kisiwani, nikaongeza, hawawezi kuvuka maji mmoja mmoja kwa kitabu kimoja kimoja.

Siku mbili hakujibu. Nikawa nimeshajifukuza kazi. Siku ya tatu akapiga: wataongeza kadi ya kikundi, chumba kirudi kwenye orodha, lakini atakuja mwenyewe kumwona huyo mtu. "Nikimkuta hewa, na wewe hewa."

Alikuja, akamkuta, akanunua na nazi. Mkataba wangu ukaongezwa mwezi mmoja, na hilo neno "mmoja" nililitafakari wiki nzima.

Alhamisi ya kwanza ya kompyuta, mwalimu alisoma majina ya vitabu na mimi nikaandika. Kabla hatujaanza aliuliza, "Haya yanaonekana na nani?"

"Na sisi, na ofisi ya Dar."

"Ahaa," akasema.

Akasoma, akavitia kirobani kimoja kimoja. Kimoja alikitia bila kukisoma, jalada likiwa limelala chini.

"Kumi na kimoja," mtu wa Pande akasema, akifunga kiroba.

"Kumi," akasema mwalimu, akanitazama.

Kwenye kioo vilikuwa kumi. Nikabonyeza kuhifadhi.