Noeline Tuffery na kitako kinachopinda

Saa mbili asubuhi, sakitu ikiwa bado nyeupe juu ya paa la gereji, Noeline Tuffery ameifungua bunduki yake juu ya meza ya seremala. Mtutu ameuweka kando, umezungushiwa taulo. Kilichobaki mbele yake ni kitako cheusi cha plastiki, kile kirefu kinachobeba mtutu. Anakiminya ncha ya mbele kwa vidole viwili, nacho kinapinda kama mkebe wa siagi.

"Umeona?" ananiambia. "Cha Raewyn hakifanyi hivi."

Raewyn ni mdogo wake. Wote wawili huwinda walabi, kangaruu wadogo wanaomaliza majani ya kondoo katika vilima vya Waimate, kusini mwa New Zealand. Baba yao ndiye aliyewafundisha. Alipofariki, bunduki yake yenye kitako cha mti alimwachia Raewyn. Noeline, ambaye sasa ana miaka hamsini na tatu, alijinunulia hii ya mtumba.

"Mimi ndiye niliyekuwa nambebea chai mlimani," anasema, macho yakiwa kwenye kitako. "Raewyn alikuwa nyumbani anamsuka mwanasesere. Sijawahi kuuliza kwa nini alimpa yeye. Nikiuliza nitalia, na sipendi anione nikilia."

Wivu huo una gharama. Kila mwaka kabla ya majira ya baridi, mzee Alister Geddes, mwenye shamba kubwa zaidi upande ule, hutundika karatasi ya shabaha kwenye robota la sufu. Anayekusanya risasi zake karibu karibu hupewa mlima wa nyuma, kazi ya kuwinda walabi huko msimu mzima kwa dola mia tatu na ishirini kwa siku. Mwingine huokoteza mabondeni. Miaka miwili mfululizo mlima umekwenda kwa Raewyn.

Noeline anajua kosa liko wapi. Akiisimamisha bunduki kwa miguu miwili ya chuma iliyofungwa chini ya kitako na kuilalia, plastiki hupinda, ikagusa mtutu, na risasi zikaenda zinakotaka. Mwaka jana alijaza uwazi wa kitako kwa puti ya kuzibia mabati ya magari yaliyobonyea. Haikushika. Ilichomoka nzima kama jino, mbele ya mzee Geddes.

"Raewyn akaiokota," anakumbuka. "Akaniuliza, 'Dada, na jino hili tuliweke chini ya mto wa kulalia, tuamke na sarafu kama tulipokuwa watoto?' Mzee akacheka mpaka akakaa chini."

Safari hii amekwaruza ndani kwa msasa mkali na kutoboa vitundu ili gundi ipate pa kung'ata. Amelaza vipande viwili vya mishale ya kaboni, migumu isiyopinda, kwa urefu. Sasa anamimina gundi ya kuchanganya, kidogo kidogo, kwa sababu ikimiminwa nyingi kwa pamoja huchemka na kuipindisha plastiki.

Raewyn anaingia na sahani ya skonzi, bila kubisha.

"Bado unampaka dawa mgonjwa wako?"

"Weka hapo, toka. Vumbi lako litaingia kwenye gundi."

"Si ununue kingine tu, dada."

"Wengine hatukurithi, mama. Tunatengeneza."

Raewyn anatoka. Skonzi moja anaondoka nayo.

Jumamosi iliyofuata, siku ya shabaha ya mzee Geddes, mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Noeline alilala kifudifudi kwenye nyasi, akailalia bunduki kwa uzito wake wote. Risasi tano zikatoboa mahali ambapo kikombe cha chai kingefunika. Za Raewyn zilipanda juu, kila moja mbali zaidi ya iliyotangulia.

"Mlima ni wako, Noeline," alisema mzee Geddes.

Walifuatana hadi kwenye pikapu. Hapo ndipo Noeline alipopenyeza kipande cha karatasi kati ya mtutu wa bunduki ya baba na kitako chake cha mti. Kilikwama katikati.

"Mti umevimba kwa mvua," alisema. "Unausukuma mtutu."

"Nilijua," Raewyn alijibu. "Tangu mwaka juzi, ila siku za shabaha kulikuwa kukavu. Niliogopa kuugusa, nisije nikakiharibu kitu cha baba." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Utanitengenezea?"

Sasa bunduki hiyo imelala kwenye meza ya Noeline. Mahali pa kuweka shavu pamesuguliwa na ndevu za baba yao hadi pakawa laini. Atauchonga mti kidogo na kuupaka mafuta, kisha msimu ukifunguliwa aanze kazi mlimani na bunduki yake yenye kitako cha plastiki. Furaha yake anaikiri, ila anaikiri nusu.

"Mlima nimeupata," anasema. "Hii bado naitaka."

Raewyn ameambiwa aje kuichukua baada ya majuma matatu. Namuuliza kazi yenyewe ni ya muda gani.

Noeline anaweka shavu lake juu ya mti, anafumba jicho moja.

"Siku mbili," anasema. "Usimwambie."