Nilimpakia Nesi Eliza, Kisha Nikamsingizia

Kosa lilikuwa langu. Kwa miaka yote hii nimewaacha watu waamini kwamba lilikuwa la mwanamke asiye na hatia.

Zilikuwa enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, miradi ya wafadhili ikiingia kila wilaya. Nilikuwa bwana mifugo kule Bahi. Mradi ukanipa pikipiki ya magurudumu manne, ipite kwenye matope yaliyokuwa yakinasa magari. Watu walitoka majumbani kuitazama. Nami nikavimba kichwa.

Kabla ya kukabidhiwa, tulifundishwa siku mbili Dodoma mjini. Helmeti kila safari. Barabara kuu usipande. Mtu usimpakie.

"Kiti ni kirefu ili dereva asogee, asawazishe uzito," mkufunzi alisema. "Si cha abiria. Mkiwa wawili, inawalalia."

Nikatia sahihi. Moyoni nilimcheka.

Asubuhi moja ya masika nikamkuta Nesi Eliza wa zahanati, viatu mkononi, sanduku la chanjo begani, anakwenda kuchanja watoto kijiji cha pili.

"Panda, dada."

"Si ulisema hairuhusiwi?"

"Aliyekataza yuko Dodoma. Huku nipo mimi."

Akacheka, akapanda. Helmeti nilikuwa nayo moja tu, tena nimeiacha nyumbani. Nilitaka watu wanione sura.

Juu ya tuta la majaruba ya mpunga nikaongeza mwendo, nimwoneshe. Gurudumu la nyuma likatitia, chombo kikapinduka. Mimi nilitupwa kwenye tope laini. Yeye kilimlalia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Chanjo zimemwagika?"

Wakulima walikuja mbio wakakiinua. Nyonga yake ilikuwa imevunjika.

Siku ya tatu akaja mkuu wa mradi, akaniita ofisi ya kijiji mbele za watu. "Ilikuwaje?"

Ndugu zangu, niliona kazi inapotea. Nikasema, "Niliegesha nikaingia bomani kutibu ng'ombe. Nilipotoka, nikakuta ameiwasha mwenyewe."

Akaandika. Nikatia sahihi. Wale wakulima hakuna aliyewauliza.

Mradi ukajitoa katika matibabu yake. Kazini akapewa barua ya onyo, naye bado amelala hospitali. Aliporudi alikuwa anachechemea. Safari za vijijini zikamshinda. Mimi niliendelea na pikipiki ileile, sasa nikivaa helmeti kila siku, na watu wakinisifu kwa uangalifu.

Mwaka huu nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata Nzuguni anakoishi sasa, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuanguka nilikusamehe palepale topeni," alisema. "Nilipanda kwa hiari yangu. Lakini baba yangu amekufa akiamini binti yake aliiba pikipiki ya watu. Ulinisema mbele za watu. Kanisafishe mbele za watu."

Nikaenda ofisi ya mradi. Imefungwa zamani, wazungu wamerudi kwao. Ndiyo maana naandika hapa: Nesi Eliza hakuiwasha pikipiki ile. Nilimpakia mimi, nikijua hairuhusiwi.

Wewe uliyekabidhiwa chombo na masharti yake, usiyaone ni maneno ya watu waoga. Na ukishayavunja, sema siku hiyohiyo, aliyeumia angali na baba wa kumwambia. Mimi nimechelewa. Kaburi la mzee yule nimelizuru, lakini kaburi haliambiwi.