Ruzuku ya Uji

Chuo chetu cha jamii pale mjini Gisenyi, jirani na Goma, kilipotangaza ruzuku ndogo kwa mwalimu yeyote mwenye wazo jipya la kuwafaa wanafunzi, wenzangu waliomba ramani, redio, hata jezi. Mimi niliomba uji. Walinicheka hadi nikanuna. Lakini wao hawakufundisha ushonaji. Hawakumwona yule binti wa kijiji cha Kanama, aliyekuja kwa miguu huku mabasi madogo yakimpita barabarani, akaketi kwenye cherehani tumbo tupu. Alikuwa ameniambia waziwazi kwamba muhula hataumaliza. Nami nilimpenda binti yule kama mwanangu.

Ruzuku ikatoka kwa sharti moja: wakaguzi wakija wakute wazo linafanya kazi, la sivyo fedha iliyobaki inakwenda kwenye jezi.

Nikanunua sufuria, unga wa mtama na vikombe vya plastiki vyenye vifuniko. Hivyo vifuniko ndivyo nilivyojivunia! Niliukoroga uji mwenyewe jikoni, nikaumimina, nikafunika, nikawapelekea darasani. Wakashukuru, wakaviweka chini ya cherehani. Mchana nikavikuta vimejaa, uji umeganda. Kesho yake vilevile. Hata binti wa Kanama hakugusa chake.

Nikapandwa na hasira. "Kumbe njaa yenu ni ya mdomoni tu!" niliwaka. "Basi unga naurudisha dukani!"

Binti akasimama, macho chini. "Mwalimu, samahani. Njaa tuko nayo, tena mingi. Lakini uji inatoka kule jikoni imeshafunikwa. Hatukuona mwenye alimimina, na we haukuonja mbele yetu. Mi siwezi kunywa kitu yenye mwenyewe hajaonja. Hapa hakuna mutu anaweza."

Mimi nimekulia Tanzania, walikokimbilia wazazi wangu, na nyumbani kwetu kuonja kikombe cha mgeni ilikuwa ulafi. Hapa anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu. Na darasa lile lilikuwa na watu wa kila upande: waliorudi kutoka Goma, waliorudi kutoka Uganda, wasioondoka kamwe. Miaka ile ya baada ya vita hukujua jirani yako ana nini moyoni.

Nikaileta sufuria katikati ya darasa, nikachota mbele ya macho yao, nikapiga funda kubwa nikaungua ulimi, nikampa binti kikombe kile kile. Akakinywa chote. Akajipangusa midomo. "Bon, sawa," akasema, "sukari iko kidogo." Tukacheka wote, na foleni ikaanza.

Wakaguzi walikuja siku ambayo mkuu wa chuo alikuwa amenizuia ofisini. Nilikimbia hadi darasani, roho juu, nikijua hakuna wa kuonja. Nikamkuta binti wa Kanama ameshika upawa, anachota, anaonja, anagawa, na wakaguzi wamesimama pembeni wakitazama. Mbele yake alikuwa mama mmoja aliyerudi kutoka Uganda, ambaye yeye na binti walikuwa hawasalimiani tangu muhula uanze. Binti akainua kikombe cha yule mama kukipeleka mdomoni.

Mama akamshika mkono. "Changu usionje, mdogo wangu," akasema. "Nipe tu."