Swali la Mamolemo

Siku hizi kina mama wanasali nusu saa, macho kwenye simu, halafu eti wamechoka. Enzi zetu huku milimani Lesotho, Alhamisi, siku ya sala ya kina mama wa kanisa, ilikuwa Alhamisi! Tulivaa sare yetu, blauzi nyekundu na kofia nyeupe, blanketi juu kwa ajili ya baridi, tukapiga magoti na kumlilia Mungu mpaka sauti zikakauka. Nikizikumbuka siku hizo moyo unaniuma.

Aliyejua kuomba kuliko sote alikuwa Mamolemo, muuza uji mchachu pale shuleni, mcheshi ajabu. Kisha mwanawe Molemo akafia mgodini Afrika Kusini, mwamba ulimwangukia. Miezi mitatu mama wa watu hakufungua kinywa kanisani. Alhamisi moja zamu yake ya kuomba ilipofika, akasema kwa sauti:

"Bwana, nakuuliza. Kila Alhamisi nilikuomba umlinde. Hukunisikia? Au ulinisikia ukakataa? Niambie, mimi ni mama yake."

Mapulane, kiongozi wetu, mwanamke asiyejua mzaha, akasimama.

"Hiyo siyo sala, ni shaka. Alhamisi ijayo utatubu mbele yetu. La sivyo, blauzi utaivua."

Jamani, kwetu kuvuliwa blauzi si mchezo. Ukifa unazikwa nayo, wenzako wamekuzunguka wanakuimbia. Ukivuliwa, unazikwa kama mtu asiye na kwao. Na Mamolemo alikuwa na kifua kibovu, mwenyewe akijua hana siku nyingi. Nilimfuata kwake, mimi mke wa juzi tu, nikamsihi.

"Mama, sema tu umekosa, yaishe."

"Nimdanganye Mungu ili nizikwe vizuri? Wewe nawe!" Akacheka mpaka akakohoa. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia, nikaona ni ukaidi tu.

Alhamisi ikafika. Alikuja na blauzi mkononi, imepigwa pasi, akampa Mapulane.

"Chukua, dada yangu. Lakini swali langu silifuti. Ningekuwa simwamini, ningempigia hodi ya nini? Leo asubuhi nimemuuliza tena, na kesho nitamuuliza. Kwani wewe hujawahi kumuuliza kitu?"

Mapulane aliishika ile blauzi, nasi tukangoja aikunje aiweke kwenye sanduku la kanisa. Hakuikunja. Alipiga magoti chini kando ya Mamolemo.

"Bwana," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Pulane wangu alikuwa na miaka minne. Kwa nini?"

Kwetu bibi harusi huitwa "Ma" fulani, yaani mama wa fulani, hata kabla hajabeba mimba, nasi miaka yote tulidhani Pulane ni jina tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba aliwahi kuzaa kabla ya kuhamia kijijini kwetu.