Mtaalamu wa China nimeumbuka saluni Tottenham

Wadau, leo nimeumbuliwa mbele ya wanawake sita na draya zao.

Mdogo wetu Zuhura amepata kazi mbili za kufundisha Kiingereza China. Moja Guangzhou, nyingine Kunming, na jibu linatakiwa leo. Hajawahi kuishi peke yake, amekaa kwenye kiti cha saluni analia tu.

Mnanijua. Wengine China mmeiona imeandikwa chini ya kandambili, mimi nimekwenda, tena Guangzhou!

Nikasimama katikati ya saluni. "Mdogo wangu, Guangzhou ni joto na kelele. Kunming hali ya hewa kama Arusha, maua mwaka mzima. Nenda Kunming!"

(Kunming sijafika. Nilimsikia Mzungu akiisifia kwenye ndege.)

Mama Eliza, msusi, hata mkono hakusimamisha. "Shemeji, wewe huko Guangzhou ulikula nini?"

"Ugali. Kuna dada wa Tanga anapika."

"Ukalala wapi?"

"Kwake. Anapangisha Wabongo."

"Na Kichina ulijifunza?"

"Cha nini? Dada alikuwa ananitafsiria."

"Basi hukwenda China, shemeji. Ulikwenda Kariakoo kwa ndege."

Jamani, saluni ilipasuka! Hata bibi wa Kijamaika asiyejua Kiswahili alicheka sura yangu.

Zuhura peke yake hakucheka. Alifuta machozi. "Kaka, huyo dada bado yupo?"

Nikapiga simu pale pale. Yupo.

"Aje, chumba kipo," akasema. "Ila asiwe mlaji kama wewe."

Zuhura kajibu Guangzhou, na anatabasamu.

Haya, mnaocheka: nani kati yenu amewahi kumpatia mtu makazi China kwa kula ugali tu?