Baba Alivyomhamisha Bibi

Mwezi wa nane kule kwetu milimani ulikuwa na harufu ya maganda ya maharage makavu. Yalitandazwa uwanjani mbele ya nyumba, nasi tukayapiga kwa fimbo mpaka vumbi jepesi likapanda na kuingia puani, kwenye nywele, hata kwenye uji wa asubuhi. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyeshika ungo. Alipepeta akiwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, na ukungu wa asubuhi ukiwa bado umelala bondeni chini yetu kama maziwa yaliyomwagika. Nyumba yake ilikuwa hatua chache juu ya yetu, imezungukwa na migomba, na katikati ya migomba hiyo lilikuwamo kaburi la babu. Bibi alipitia pale kila asubuhi kabla ya kugusa kazi yoyote. Hakuomba wala hakulia. Alisimama tu kidogo, akang'oa jani moja kavu la mgomba, akaendelea na siku yake.

Baba yangu, Nehemia, alikuwa mbunge wetu. Msomaji asifikirie gari na walinzi. Baba alishuka kwenye basi kituoni Soni akiwa na mkoba wa ngozi mkononi, akapanda mlima kwa miguu kama mtu mwingine yeyote, na alipofika alivua viatu vya Dar es Salaam na kushika fimbo ya maharage. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwa mbunge mwingine. Kila hotuba aliyokusudia kuitoa bungeni aliisema kwanza kwa Kishambaa mbele ya bibi, huku kazi ikiendelea. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, cha kuuliza bei na kusema punguza. Baba aliamini kwamba sera ambayo haiwezi kuelezwa kwa mama yake, kwa lugha ya mama yake, bado haijaiva. Basi alisimama pale uwanjani, suruali imekunjwa hadi magotini, akaeleza kwa nini msichana aliyepata mimba asifungiwe mlango wa shule milele, au kwa nini zahanati ijengwe kabla ya ofisi. Bibi alipepeta na kusikiliza. Likimpendeza alinyamaza. Lisipompendeza alisema, "Hilo umelisoma mahali. Hujalifikiri." Na baba alikwenda kulifikiri upya.

Mwaka ule ninaousimulia nilikuwa darasa la nne, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na habari zilikuwa zimeanza kutufikia kwamba kule tambarare watu wanahamishwa kutoka makwao na kupangwa kwenye vijiji vipya kando ya barabara. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walikuta paa limeshushwa. Baba alikuwa na msimamo wake, na aliusema mbele ya bibi jioni nyingi. Aliupenda mpango wenyewe. Alikuwa amewazika watoto wa jirani waliofia njiani wakibebwa mgongoni kwenda hospitali, na aliamini kwamba watu wakikaa karibu na barabara, maji na dawa vitawafikia. Lakini alichukia nguvu. Alisema mtu abembelezwe, aelezwe, aachwe aamue, na kiongozi anayetaka wengine wahame aanze yeye na watu wake wa damu. Hilo la mwisho bibi alilisikia akaacha kupepeta.

"Watu wako wa damu ni nani?" aliuliza.

Baba aliokota mkoba wake akaingia ndani. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akimkimbia mama yake.

Kampeni za wakati ule zilikuwa tofauti sana na za leo. Chama kilikuwa kimoja na wagombea walikuwa wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Walizunguka pamoja ndani ya Landrova moja, wakasimama jukwaa moja, na msimamizi wa chama alikaa katikati yao kama mama anayetenganisha watoto. Mshindani wa baba alikuwa Mwalimu Athumani, rafiki yake tangu utoto, mtu wa maneno matamu na kicheko kikubwa. Athumani alipata jembe. Baba alipata nyumba, na katika mwaka ule hakukuwa na alama mbaya kuliko nyumba. Vijana sokoni walimpigia kelele, "Mheshimiwa, nyumba yako ina miguu! Ifunge kamba, isije ikashuka bondeni!" Baba alicheka nao. Mama yangu hakucheka.

Kanuni nyingine ilikuwa hii: mgombea azungumze Kiswahili tu. Kutumia lugha ya kabila jukwaani kulikatazwa kabisa, kwa sababu nchi ilikuwa changa na wakubwa waliogopa watu wasije wakagawanyika. Baba aliikubali kanuni hiyo, tena aliitetea. Hakujua kwamba itamkuta kwa mama yake mzazi.

Mkutano wa kwetu ulifanyika kwenye uwanja wa shule, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaukata ukungu. Watu walikuja hata kutoka upande wa Vuga. Msimamizi alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye daftari, na hakujua neno moja la Kishambaa. Athumani aliongea kwanza, akachekesha watu. Baba akaongea, akaeleza mambo ya maji na zahanati. Kisha likaja swali. Bibi alisimama katikati ya wanawake, kanga imefungwa kifuani, na akauliza kwa Kishambaa, "Nataka huyu mgombea aniambie. Je, mimi nitahamishwa kutoka kwenye migomba ya mume wangu?"

Msimamizi aliuliza bibi amesema nini, akaelezwa. Alifikiri, akasema kanuni inamfunga mgombea, haimfungi mpiga kura. Mgombea atajibu kwa Kiswahili, na atafutwe mtu wa kumtafsiria mama huyu. Wakubwa walitazamana, kila mmoja akiogopa kujitia kati ya mama na mwanawe. Bibi akaninyooshea kidole. "Huyu mjukuu wangu amesoma. Ataniambia yeye."

Nilikwenda nikasimama kando yake. Miguu yangu ilikuwa na vumbi, nakumbuka niliitazama. Baba alikunja mikono, akasema kwa Kiswahili cha polepole ili nisipotee, "Mwambie mama, sitaruhusu mtu yeyote ahamishwe kwa nguvu. Lakini siwezi kuwaomba watu wahame na mimi nikamwacha mama yangu juu. Nyumba yake itakuwa ya kwanza kushuka."

Nilimtazama bibi. Alikuwa ameinama kidogo ili anisikie, mkono umeshika bega langu. Na mimi nikamwambia kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "Baba anasema hutahama, bibi. Utabaki kwenye migomba yako."

Sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe. Nilisahau kwamba kila mtu pale, isipokuwa msimamizi na bibi, alijua lugha zote mbili.

Watu wakashangilia. Wanawake walipiga vigelegele. Watu walidhani ni mpango wa baba: Kiswahili ni cha msimamizi, Kishambaa ni chetu. Mzee mmoja nyuma yangu alisema, "Huyu mtu ana akili! Amemtumia mtoto!" Msimamizi naye alipiga makofi, akiamini wanaufurahia Ujamaa. Athumani alitazama chini. Yeye alimjua baba, alijua si hila yake, na angeweza kulisema pale pale akapata faida. Hakusema. Kura zote za mlima ule zilikuwa mkononi mwa baba, na alichotakiwa kufanya ni kukaa chini tu.

Baba hakukaa. Alishuka jukwaani, akavuka uwanja, akafika mbele ya bibi akapiga goti, na akasema kwa Kishambaa, "Mama, mtoto amekuonea huruma. Mimi sikusema hivyo. Nilisema nyumba yako itakuwa ya kwanza kushuka."

Msimamizi aligonga meza. "Mheshimiwa! Kanuni!"

"Naijua," baba alisema bila kugeuka. "Nimeivunja. Andika."

Bibi alimtazama mwanawe pale chini, akasema, "Kwa hiyo mjukuu wangu ana huruma kuliko mwanangu." Watu wakaangua kicheko, lakini kilikuwa kicheko kichungu. "Inuka, Nehemia. Umeshanihamisha, usiniharibie na suruali niliyokufulia."

Tuliporudi nyumbani nilitembea nyuma ya baba, nikingoja kipigo. Hakikuja. Penye kona ya mkaratusi alinisubiri, akanishika mkono. Aliniambia, "Ulitafsiri nilichotamani kusema. Lakini sikukisema." Hakulirudia tena jambo hilo maishani mwake.

Alipewa onyo la maandishi, na kura akazikosa. Jembe lilishinda. Tukadhani basi, bibi amepona, maana baba hakuwa mbunge tena na hakuna aliyemdai kitu. Lakini kabla ya mvua za vuli kuanza, baba alipanda kwenye paa la bibi akaanza kung'oa mabati. Mama alimwuliza kama amerukwa na akili. Alisema alitamka mbele za watu, na maneno yake hayakuwa na sharti la kushinda. Habari ilienea. Kesho yake watu walewale waliomnyima kura walikuja kwa msaragambo, kazi ya kusaidiana bila malipo, wakabeba miti, milango, vyungu na mawe ya jikoni, wakashuka navyo mlima mzima hadi kando ya barabara. Mheshimiwa Athumani alibeba mlango peke yake kichwani, akipiga kelele, "Nilisema nyumba ya huyu mtu ina miguu!" Bibi alishuka wa mwisho, hakutaka kushikwa mkono.

Na baada ya hapo hakuna mwingine aliyehama, hata sisi tuliokuwa tumfuate. Maofisa walikuja, wakatazama miteremko yetu, wakaona watu tayari wanaishi karibu karibu, wakaandika kwenye karatasi zao wakaondoka. Bibi akabaki peke yake kule chini. Maji ya bomba yalikuwa karibu naye, na zahanati ilipojengwa aliweza kuiona akiwa mlangoni kwake. Alipanda mlima kila juma kwenda kwenye migomba mpaka miguu ilipokataa. Baada ya hapo baba alimpelekea jani kavu moja la mgomba, naye bibi akalishika, akasema asante. Alipofariki tulimbeba kumrudisha juu. Sijui mpaka leo kama baba alifanya vema. Ninachojua ni kwamba yeye mwenyewe hakujua pia, na hakujifanya anajua.

Baba tumemzika mwaka huu, kando ya wazazi wake. Siku hizi wagombea wanakuja kwetu na spika juu ya gari, wanazungumza lugha wanayotaka, na wengine wanajifunza salamu za Kishambaa wakiwa njiani wanapanda kutoka Mombo. Kila mtu anaahidiwa kile anachopenda kusikia. Barabara ni ya lami sasa, na mtoto mgonjwa anafika hospitali akiwa hai. Hilo siwezi kulikataa, baba angelifurahia kuliko sisi sote. Siku ya mazishi, kiongozi mmoja kijana alisimama kumsifu. Alisema huyu mzee alikuwa shujaa, kwamba siku moja mbele ya umati wa watu alikataa mama yake mzazi kuhamishwa, na hadithi hiyo yeye ameisikia tangu utotoni. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati ule.

Nilikuwa nimekaa na wanawake, kanga kichwani, na kwa desturi yetu mfiwa hasemi kitu pale. Nilisimama. Nilisema, "Baba alimhamisha bibi. Aliyesema hatahamishwa ni mimi." Wazee wachache waliotoka upande wa Vuga wakaniomba nirudie kwa Kishambaa, hawakusikia vizuri. Nikarudia, neno kwa neno, bila kupunguza.