Binat, Neno la Jirani Yangu

Majira ya baridi mwaka juzi nimonia ilinilaza hospitali. Niliporuhusiwa nilirudi kwenye chumba changu Turffontein, ambako sikuwa na ndugu. Aliyenitazama ni jirani wa mlango wa pili, mama Mfilipino aliyekuja Johannesburg kuhudumia wazee majumbani mwao.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliniletea uji wa mchele wenye tangawizi. Tulizungumza Kiingereza, lakini habari za mwili alizisema kwa Kitagalogi, lugha ya kwao. Aliniwekea kiganja kifuani na kuuliza, "Masakit?" Yaani, panauma? Nami nikazoea kujibu hivyohivyo, masakit, nikimwonyesha mbavu. Akiondoka aliniambia, "Pagaling ka," upone. Nikamweleza kwamba kwetu Tanga tunasema ugua pole, nikamfasiria neno kwa neno.

"Mnamwambia mgonjwa augue polepole?" aliuliza.

Nilikuwa nimelisema neno lile maisha yangu yote bila kulisikiliza.

Homa ilipokwisha nilivaa koti niende kazini Fordsburg, kwenye cherehani yangu. Gauni la bi harusi lilikuwa likinisubiri, nusu limeshonwa. Nikakutana na jirani ngazini.

"Dada, utapata binat."

Aliniketisha palepale kwenye ngazi akanieleza. Binat ni ugonjwa unaomrudia mtu aliyeinuka kabla mwili haujawa tayari. Nikamwambia daktari ameniruhusu. Akasema mama yake naye alipona homa, akaenda kufua nguo za wajukuu, akaanguka tena. Yeye wakati huo alikuwa huku, akimlisha mzee wa watu.

"Dada yangu alipiga simu akasema neno hilo moja tu, binat. Nikajua mama amekufa."

Nilirudi ndani nikavua koti. Nilimpigia simu mwenye gauni kumwambia litachelewa. Alikasirika, akaenda Fordsburg kuchukua kitambaa chake na kumpa fundi mwingine. Iliniuma, maana shanga za kifuani nilikuwa nimezishona kwa mkono.

Nilipumzika mpaka jirani aliponiona napanda ngazi bila kuhema. "Magaling ka na," akasema, umepona. Akaongeza kwamba kwao magaling ni pia mtu hodari wa kazi yake. Kesho yake nilikaa kwenye cherehani, mshono wa kwanza ukaenda upande. Nikaufumua, nikaanza upya.